Sikio linawasha, linatoa maji na dawa za matone hazisaidii? Soma hii kabla hujanunua chupa nyingine

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hii nawaandikia nyie mnaoshinda majini, mnaovua, mnaozamia pweza, mnaolima mwani, mnaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na nyie wa Tandahimba na Newala mnaopuliza salfa kwenye mikorosho, maana masikio ya watu wa huku yanateseka sana na wengi wanatibu kitu ambacho sicho. Mtu sikio linamuwasha, anaenda duka la dawa anasema nipe dawa ya sikio, anapewa matone ya antibaotiki, anatia wiki nzima, anapata nafuu kidogo au hapati kabisa, anarudi anapewa chupa ile ile, na huko ndani fangasi wanazidi kushamiri kwa sababu ile dawa haiwagusi wao, inaua bakteria wa kawaida ambao walikuwa wanawabana wasienee. Miezi inakatika hivo hivo mpaka mtu anaanza kuuliza unasemaje, unasemaje, kila akiongeleshwa. Nimefanya kazi kwenye zahanati za huku pwani na hii hali naijua vizuri, na kinachoniuma ni kwamba mara nyingi inatibika bila gharama kubwa kama mtu akianza na kitu sahihi.

Kitu sahihi chenyewe ni hiki: sikio likaushwe, liangaliwe kwa tochi ya sikio, lisafishwe, ndo dawa iwekwe. Ukiruka hizo tatu za mwanzo ukaenda moja kwa moja kwenye dawa, hata iwe dawa nzuri kiasi gani haifiki ilipo shida, inaishia juu ya uchafu.

Kwanza tofautisha unachoumwa

Sikio lina njia ya nje, hii unayoweza kuingiza kidole, mwisho wake kuna ngoma ya sikio, ngozi nyembamba sana, na nyuma ya ngoma ndo sikio la kati lenye vifupa vitatu vidogo vinavyopitisha sauti kwenda ndani. Hilo sikio la kati lina mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua karibu na koo, na huo mrija uukumbuke maana nitarudi kwake.

Fangasi wa sikio mara nyingi sana wanakaa njia ya nje tu. Wanaohusika zaidi ni aina mbili, aspajilasi na kandida, na wote wanapenda joto na unyevu, sasa we fikiria hali ya hewa ya Lindi au Mikindani kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili, jasho halikauki, nywele hazikauki, sikio nalo halikauki. Dalili kubwa ni kuwasha, kuwasha kwa ndani kabisa ambako hata ukikuna hakuishi, alafu sikio linahisi limeziba, unasikia vibaya, linatoa majimaji au kitu kizito cheupe au cha kijivu, na kuna aina ya aspajilasi inayoacha vidoadoa vyeusi juu ya huo weupe, ukiona hivyo kwenye kitambaa basi karibu umeshajijibu. Maumivu yanaweza kuwepo lakini kwa kawaida muwasho ndo unaotangulia. Bakteria wa njia ya nje wao huleta maumivu makali zaidi, ukigusa tu sikio au ukitafuna unaruka, na muwasho unakuwa mdogo. Na usaha wa sikio la kati ni habari nyingine tena, huo unatoka mwingi, wa njano au kijani, mara nyingi na harufu, na mtu anakwambia sikio hili linatoka usaha tangu nikiwa mtoto, linakauka linarudi. Huyo ngoma yake ina tundu.

Shida ni kwamba hivi vitu vinachanganyikana. Mtu mwenye tundu la miaka mingi akitia matone ya antibaotiki mfululizo anaweza kuota fangasi juu ya usaha wake, na fangasi wakikaa muda mrefu wanaweza wenyewe kutoboa ngoma wakaingia sikio la kati. Ndo maana nasisitiza kuangaliwa, mimi na uzoefu wangu siwezi kukwambia kwa kusikiliza tu bila kuona ndani.

Hii ya aleji ndani ya sikio la kati

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuisikia, hata baadhi ya wahudumu. Kuna watu wachache ambao mwili wao una aleji na fangasi. Vimbegu vya fangasi viko hewani kila mahali, kwenye majani makavu, kwenye magodoro ya zamani, kwenye vyakula vilivyoota ukungu, sote tunavivuta na vinapita. Kwa mwenye aleji, kinga ya mwili inavishambulia kwa nguvu kupita kiasi, chembe nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili zinajazana, na panatengenezwa ute mzito sana wa rangi ya njano au kahawia, unanata kama ulimbo. Fangasi hawaingii kwenye nyama, wanakaa ndani ya huo ute tu, kinachoharibu ni ule mwitikio wa mwili wenyewe na ule mgandamizo.

Ugonjwa huu unajulikana zaidi kwenye pua na mapango ya uso, yale matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, madaktari walianza kuuandika miaka ya 1970 na 1980 kwa watu wenye pumu na vinyama vya puani, na ukitokea kwenye sikio la kati mara nyingi ni mtu huyo huyo mwenye pua mbovu, kwa sababu ya ule mrija niliosema ukumbuke. Pua, mapango na sikio la kati vina ngozi laini ya namna moja na vimeunganika. Ni nadra, sitaki mtu asome hapa akalala na hofu, lakini anayekuwa nao huzunguka muda mrefu sana anapewa dawa za usaha.

Sasa utashtukaje? Jiulize: hivi mimi nina pumu? Pua yangu inaziba mwaka mzima, sisikii harufu, nilishawahi kuambiwa nina vinyama puani? Sikio langu linaziba au linatoa ute unaovutika, mzito, usio usaha wa kawaida, mara nyingi masikio yote mawili, na kila nikipewa antibaotiki haibadiliki, lakini kipindi fulani nilipewa vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya pumu sikio nalo likapona ghafla, nilipoacha likarudi? Ukijibu ndiyo kwa hayo, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, usingoje akuulize, kwa sababu mtu akienda kwa tatizo la sikio anataja sikio tu, pumu anaisahau, anaona haihusiani. Inahusiana.

Kumbuka pia kuna watu wana ute wa eosinofili sikioni bila fangasi wowote, na kwa macho huwezi kutofautisha, ndo maana ute wenyewe unatakiwa uchukuliwe ukaangaliwe kwa darubini, waone kama kuna nyuzi za fangasi na hizo chembe, pengine na kipimo cha damu cha aleji na picha ya sitii skani kuona mifupa na mapango yakoje. Tiba yake nayo iko tofauti na ya fangasi wa kawaida: ute unatolewa, mara nyingine kwa upasuaji, alafu mtu anapewa dawa za kutuliza aleji za kundi la steroidi, kama hiyo prednisoloni, chini ya uangalizi, na pua inatibiwa pamoja na sikio. Matone ya fangasi peke yake hayamalizi. Na hapa kuna hatari moja nawaomba mnisikie, mtu asinunue prednisoloni au matone yenye steroidi mwenyewe kwa kuhisi ana hii ya aleji, maana kama kumbe ana fangasi wa kawaida steroidi inawapa nafasi ya kuota zaidi, na kama ana sukari itampanda.

Kuna aleji nyingine ya kawaida zaidi nayo inachanganya watu, ni ya ngozi ya njia ya nje. Matone yenye neomaisini yanawaletea aleji watu wengi tu, mtu anatia dawa sikio linazidi kuwasha na kuvimba, anaongeza dawa. Kina dada, piko na dawa za nywele zikichuruzika sikioni zinaweza kufanya hivyo hivyo. Na kwa wanaobangua korosho, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi vibaya, sasa ukitoka kubangua ukaingiza kidole sikioni kujikuna umeunguza ngozi ya ndani, na ngozi iliyochubuka ndo fangasi wanapoanzia.

Cha kufanya leo hii nyumbani

Acha kuchokonoa. Najua muwasho ule unavyomtesa mtu, usiku hulali, lakini kila unapoingiza njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, funguo, pini ya hijabu au vile vijiti vya pamba unachubua ngozi, unatoa nta ambayo ndo kinga ya sikio dhidi ya maji na vijidudu, na uchafu unausukuma mbali zaidi. Vijiti vya pamba vinauzwa kama vya masikio lakini havitakiwi kuingia ndani, futia nje tu.

Acha na kutia vitu. Juisi ya kitunguu saumu, mafuta ya taa, mafuta ya nazi ya moto, maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyokamuliwa, vyote hivi nimeona vikitiwa na wazee wetu kwa nia njema kabisa, ila maziwa na mafuta vinaongeza unyevu na chakula cha vijidudu, na kitunguu saumu na mafuta ya taa vinaunguza. Kama ngoma ina tundu ndo hatari kabisa maana kinaingia moja kwa moja kwenye sikio la kati.

Kuhusu hilo tundu, kuna dalili za kukufanya uhisi lipo: ukipenga kamasi unasikia hewa inapiga mluzi sikioni, au ukitia dawa sikioni unasikia uchungu wake kooni, au ulikuwa na maumivu makali sana alafu ghafla majimaji yakatoka na maumivu yakapungua, au ni sikio la usaha wa tangu utoto. Ukiwa na mojawapo, usitie chochote ambacho mtaalamu hajakuandikia baada ya kuliangalia. Jentamaisini, spiriti, siki, haidrojeni peroksaidi na ile dawa ya zambarau (GV) vikifika ndani vinaweza kudhuru, jentamaisini na ile ya zambarau hasa zinaweza kuua usikivu usirudi tena. Pia wakitaka kukupiga bomba la maji kusafisha sikio, sema mapema kwamba sikio lina tundu au unahisi lina tundu, wasafishe kwa njia kavu au kwa kunyonya.

Kukausha ndo kazi unayoweza kuifanya vizuri mwenyewe, na kwa mtoto anayetoka usaha ni sehemu kubwa ya tiba sio jambo dogo. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au tishu ngumu isiyokatika, sio ile toilet pepa laini maana inabaki vipande ndani. Kisokote kiwe kama utambi wenye ncha, usizungushie kwenye kijiti wala usitumie kijiti chochote. Nawa mikono. Mkubwa vuta sikio juu kidogo na nyuma, mtoto mdogo vuta chini na nyuma, njia inanyooka. Ingiza ncha taratibu mpaka inapofika bila kulazimisha, iache inyonye, itoe, tupa, sokota nyingine, rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Kama umeandikiwa matone, yatie baada ya kukausha, sio kabla. Na usiliache sikio limezibwa na pamba mchana kutwa, linahitaji hewa.

Wakati wa kuoga chukua kipande cha pamba, kipake vaselini ya kutosha, kiweke mlangoni mwa sikio bila kukisukuma ndani, ukimaliza kuoga kitoe. Kutawadha hakuna shida, kidole chenye unyevu tu kikipangusa nje hakijazi maji, tatizo ni maji ya kumiminika. Baharini na mtoni usizamishe kichwa mpaka uruhusiwe. Najua kwa mzamia pweza hii maana yake ni kukosa hela, na sisemi kirahisi, lakini ukizamia na sikio bovu lenye tundu maji ya bahari yanaingia mpaka ndani, unaweza kupata kizunguzungu chini ya maji ukashindwa kujua juu ni wapi. Bora kipindi hicho uvue pwani kwenye mwamba maji yakishakupwa, kwa miguu.

Kina mama na mabinti, nywele zikaushwe kabla ya kufunga mtandio au kofia, usilale na nywele mbichi zimefungwa. Drayaya ya saluni inasaidia kukausha sikio pia, iwe kwenye joto dogo na iwe mbali kama urefu wa mkono kuanzia kiganja mpaka kiwiko, sio kuigandisha sikioni. Vijana wa bodaboda, hedifoni za kuchomeka siku nzima ndani ya helmeti na jua la huku ni unyevu mtupu, zipumzishe, zifute, na usiazimane na mtu.

Dawa

Dawa ya fangasi ya sikio inayotumika sana ni klotrimazoli ya asilimia 1 ya maji maji au matone. Mtaalamu akishasafisha, unatia mara mbili au tatu kwa siku kama ulivyoelekezwa. Kosa linalorudisha ugonjwa kwa wengi ni kuacha siku muwasho ulipokata. Kwa klotrimazoli inatakiwa uendelee angalau siku 14 baada ya dalili kuisha, kwa sababu vimbegu bado vipo kwenye ngozi ukiacha vinaota upya, sasa mtu anaacha siku ya nne anasema nimepona, baada ya wiki tatu anarudi anasema dawa feki.

Namna ya kutia: shika chupa mkononi dakika kadhaa ipate joto la mwili, matone ya baridi yanaleta kizunguzungu. Lala ubavu sikio bovu likiwa juu, vuta sikio kama nilivyoeleza, tia matone, alafu bonyeza bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio ili dawa ishuke, baki umelala dakika tano. Ncha ya chupa isiguse sikio. Chupa moja mtu mmoja, msipokezane nyumba nzima.

Sasa vidonge. Watu wanapenda kununua flukonazoli wakidhani fangasi ni fangasi, lakini flukonazoli haifanyi kazi kwa aspajilasi, na aspajilasi ndo wengi sikioni. Griseofulvini ni ya mapunye na fangasi wa ngozi na kucha, huku haihusiki. Vidonge vya nistatini navyo haviingii kwenye damu kutoka tumboni, kwa hiyo sikioni havifiki. Na vidonge vya ketokonazoli mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri visitumike tena kutibu fangasi kwa sababu vinaharibu ini, kwa hiyo mtu asikuuzie kwa ajili ya sikio. Kwa fangasi wa njia ya nje vidonge mara nyingi havihitajiki kabisa, matone na usafi vinatosha. Kama hali imefika kuhitaji vidonge basi imefika pia kuhitaji daktari bingwa.

Ukitumia dawa sawasawa wiki mbili tatu na sikio liko vile vile, lisirudie mzunguko wa chupa, liombee kipimo. Ute unachukuliwa unaangaliwa kwa darubini na unaoteshwa maabara wajue ni fangasi gani. Fangasi sugu wapo, kuna kandida mmoja aligunduliwa kwanza kwenye sikio la mgonjwa huko Japani akaandikwa mwaka 2009, na leo anasumbua hospitali za nchi nyingi kwa sababu hasikii dawa nyingi. Wengi wenu hamtakuwa naye, ila ndo sababu ya kupima badala ya kubahatisha.

Usisubiri hata siku moja kama

uso umepinda upande mmoja au jicho halifumbi, nyuma ya sikio kumevimba kunauma na sikio limesukumwa mbele, kuna kizunguzungu kikali na kutapika, shingo imekakamaa na homa, usikivu umekata ghafla, au una kisukari na maumivu ya sikio ni makali hasa usiku. Hili la kisukari nalirudia, mwenye sukari au kinga iliyoshuka maambukizi ya sikio yanaweza kuingia mpaka kwenye mfupa wa kichwa, na hata fangasi wanaweza kufanya hivyo. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, iwe usiku iwe sikukuu.

Mtoto

Mtoto hakwambii sikio limeziba. Utaona anaongeza sauti ya redio, anaitwa haitiki mnasema mkaidi, mwalimu anasema hafuatilii darasani, anavuta sikio, mto una doa la majimaji asubuhi. Usaha uliofika siku 14 tayari ni sugu, na mwongozo wa kutibu watoto unaotumika zahanati ni kukausha kwa utambi na matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili, ambayo ni salama hata ngoma ikiwa na tundu. Kwa hiyo zahanati ya kijiji inaweza kuanza, huna haja ya kungoja nauli ya kwenda mjini. Ila muhudumu akitoa matone alafu ukaona vidoadoa vyeusi au weupe mzito na muwasho umezidi, rudi useme, maana hapo pengine fangasi wameshaingia.

Kama ni likizo ya Desemba na mtoto anakwenda jandoni au unyagoni na ana sikio bovu, mwambie mlezi wake waziwazi kwamba huyu asizamishwe kichwa mtoni na akaushwe sikio, mpe vitambaa safi na dawa yake. Walezi wetu ni watu wazima wanaelewa, ukinyamaza ndo hawawezi kujua.

Kwenda hospitali

Anza zahanati au kituo cha afya, wana tochi ya sikio au waulize kama wanayo, wakiona zaidi ya uwezo wao waombe barua ya rufaa. Kwa Mtwara kuna Ligula na ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, Lindi kuna Sokoine, wa Masasi mna Ndanda karibu, wa njia ya Lindi kwenda Masasi mna Nyangao. Kabla hujapanda gari kutoka Liwale au Nanyamba, mpe kazi ndugu aliye mjini akaulize kitengo cha masikio, pua na koo kinaona wagonjwa siku gani na kama daktari yupo wiki hiyo, maana kufunga safari na mtoto mgonjwa ukaambiwa njoo Alhamisi kunaumiza moyo na mfuko. Kwa kesi za upasuaji wa sikio la kati au hii ya aleji huenda ukapelekwa mpaka Muhimbili, na ukipewa hiyo rufaa usiidharau ukarudi nayo nyumbani.

Siku ya kwenda usitie dawa asubuhi na usilisafishe sikio, liache daktari alione lilivyo na apate kitu cha kuchukua kwa ajili ya kipimo. Beba chupa zote ulizotumia hata tupu, pamoja na dawa za pumu, za sukari na za pua kama unatumia, au zipige picha kwenye simu majina yaonekane. Mweleze lilianza lini, ulikuwa unaoga wapi, ni sikio moja au yote, kinachotoka kina rangi gani, na dawa ipi ilileta nafuu hata ya siku mbili. Alafu kabla hujatoka chumbani muulize swali moja: ngoma ya sikio langu ina tundu au haina? Jibu lake liandike kwenye daftari lako la kliniki, kwa sababu kila atakayetaka kukuuzia dawa ya sikio kuanzia siku hiyo anapaswa kulijua kwanza.